Rododendroni saba za Iyumbu: jua lilisingiziwa

Miche saba ya rododendroni fupi, vichaka vya maua vya kigeni, ilipandwa kwenye nyumba moja mpya ya Iyumbu, Dodoma, mwishoni mwa Machi, wakati ardhi bado ina unyevu wa mvua za mwisho. Kufikia Oktoba mitatu ilikuwa imekufa, mitatu imegeuka njano, na mmoja tu ndio uliobaki kijani. Hukumu ya mtaa ilikuwa imeshatoka kabla sijaitwa: jua la Dodoma. Jirani alisema jua, fundi bomba alisema jua, na muuza miche alipopigiwa simu naye akasema jua, tena akaongeza kwamba alionya.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hukumu ile ina ukweli kidogo tu. Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa, kinaua maua mengine mengi kwenye nyumba mpya za mji huu, gadenia na iksora zikiwemo, na wenye nyumba wanaendelea kufunga nyavu za kivuli na kuongeza samadi.

Miche yenyewe

Tuanze na jambo ambalo mwenye nyumba hakuambiwa dukani. Miche ile saba haikuwa ya aina moja. Minne ilikuwa azalea ndogo zisizopukutisha majani, uzao wa Rhododendron simsii na ndugu zake. Mitatu ilikuwa rododendroni fupi za milimani, zenye vijani vidogo mno na maua ya zambarau, kibandiko kikisema Rhododendron impeditum. Zote ni jenasi moja, na kwenye picha zote zinavutia. Kwa mkulima, hata hivyo, ni mimea miwili tofauti kabisa.

Simsii ni mmea wa vilima vya kusini mwa China, mahali penye joto la wastani na mvua ya kutosha. Wabelgiji ndio walioiboresha sana hadi ikawa azalea ya kwenye chungu inayouzwa dunia nzima. Impeditum inatoka Yunnan na Sichuan, juu ya mita 3,000, mahali ambapo theluji huifunika msimu wa baridi na ukungu huilowesha kiangazi. Ufupi wake umetokana na baridi na upepo wa huko. Hakuna rododendroni ya asili hata moja barani Afrika. Ndugu wa karibu tulio nao ni erika, vichaka vile vinavyofunika miteremko ya Kilimanjaro na Meru juu ya msitu. Ukishajua erika inaishi wapi, umeshajua kwa kiasi fulani rododendroni ya milimani inataka nini, na Iyumbu haipo kwenye orodha hiyo.

Dodoma ipo mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya ukavu na upepo. Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, raha tupu kwa azalea. Novemba mchana hupanda zaidi ya nyuzi 30, na usiku hukaa karibu na 18. Huo usiku wa Novemba ndio unaoisumbua mimea ya milimani kuliko hata mchana: mmea hupumua usiku kucha na kula sukari iliyotengenezwa mchana, na kadiri joto linavyokuwa juu ndivyo unavyokula zaidi. Mmea uliozoea usiku wa baridi hujikuta kila asubuhi una akiba ndogo kuliko jana.

Kwa hiyo kwa ile mitatu ya milimani, mtaa ulikuwa na hoja, ingawa joto la usiku na jua la mchana si kitu kimoja. Nitairudia mbele kidogo, maana hata yenyewe haikufa kwa joto peke yake.

Kilichoonekana uwanjani

Mama mwenye nyumba, mtumishi aliyehamia Dodoma na ofisi yake, alinipokea getini. Nilipomaliza shikamoo akanikatisha: "Mwanangu, kila anayeingia hapa ananiambia jua. Wewe usiniambie jua, utafute kitu kingine."

Nilitembea uwanjani bila kusema kitu. Azalea mbili zilikuwa ardhini, hatua chache kutoka ukuta wa mashariki. Zimepata jua la asubuhi tu, mahali pazuri kabisa, na bado zilikuwa njano. Ya tatu ilikuwa kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, imewekwa barazani, kivuli kutwa. Nayo njano. Ya nne ilikuwa kwenye ndoo ya aina ileile, imesukumwa nyuma ya nyumba upande wa magharibi kwa kuwa barazani palijaa. Pale jua la saa tisa alasiri linapiga bila huruma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kijani.

Hapa kesi ya jua ilianza kuvunjika. Mche wenye kivuli kutwa unaumwa, mche uliochomwa jua kila alasiri ni mzima. Majani machache ya ule wa magharibi yalikuwa na mabaka ya kahawia upande unaotazama jua, kama inavyotarajiwa, lakini yaliyobaki yalikuwa na kijani kilichokolea na machipukizi mapya yalikuwa yanatoka.

Nilimuuliza kijana wa bustani anaumwagiliaje ule wa nyuma. Alicheka kidogo, kwa aibu. Haumwagilii. Kila akipita anakuta udongo una maji, basi anaupita. Nikainua macho: juu ya ndoo palikuwa na kibomba cha kiyoyozi cha chumba cha kulala, tone, tone, tone.

Maji ya kiyoyozi ni mvuke wa hewa uliogeuka maji kwenye mabomba ya baridi. Hayajawahi kugusa mwamba, kwa hiyo hayana chokaa wala chumvi. Hewa ya Dodoma ni kavu na matone si mengi, lakini kwa ndoo moja yalitosha. Ndoo mbili za aina moja, mchanganyiko uleule wa magome uliokuja na miche, tofauti ni mbili tu: moja ina kivuli na maji ya bomba, nyingine ina jua na maji ya kiyoyozi. Mtafiti angelazimika kuupanga mpango wa namna hii; hapa ulijipanga wenyewe kwa sababu ya ufinyu wa baraza.

Majani yanavyosema

Manjano yana lugha mbili, na kuzichanganya ndiko kulikomponza kijana wetu.

Mmea ukikosa nitrojeni, majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo hutangulia, na jani zima hufifia, mishipa na yote. Hapo mbolea ni dawa. Mmea ukikosa chuma, majani machanga ya juu ndiyo hutangulia, na njano hukaa katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, hadi jani linaonekana limechorwa kwa kalamu. Azalea za Iyumbu zilikuwa na lugha ya pili, wazi kabisa. Aliyeziona kwanza, mwezi wa Juni, akasema zina njaa. Zile za ardhini zikawekewa samadi ya mbuzi. Hazikuongoka, Agosti zikaongezwa nyingine, na juu yake majivu ya jikoni, kwa sababu majivu husaidia mchicha na migomba na kila mtu anajua hivyo.

Samadi ya mbuzi ya mahali pakavu ina chumvi nyingi. Ncha za majani zikaanza kukauka kahawia. Majivu ni magadi na chokaa, yanapandisha pH, yaani kile kipimo cha uchachu ambacho namba yake ikipanda uchachu umepungua. Kwa mmea uliokuwa unalia kwa sababu udongo hauna uchachu wa kutosha, majivu yalikuwa ni kuumaliza.

Chuma hakikukosekana udongoni. Udongo mwekundu wa Dodoma, wekundu wake wenyewe ni chuma. Tatizo ni kwamba pH inapofika 7 na kuendelea, chuma kinajifunga na mizizi haikipati. Rododendroni na azalea hutaka pH ya 4.5 hadi 6. Mizizi yao ni myembamba mno, haina vinyweleo vya mizizi, inakaa juu juu, na hutegemea kuvu wa aina maalumu anayeishi ndani yake kuitafutia chakula kwenye takataka za majani zenye uchachu. Mzabibu una njia zake za kuishi na chokaa, azalea haina.

Ili mwenye nyumba asinichukulie maneno tu, nilipaka jani moja. Gramu 5 za salfati ya chuma kwa lita moja ya maji ya kiyoyozi, brashi ndogo, nusu ya jani moja la azalea ya barazani. Nusu nyingine ikaachwa. Baada ya wiki mbili hivi alinitumia picha: nusu moja imeanza kurudi kijani kwa madoadoa, nusu nyingine njano ileile. Anayetaka kuhakikisha kabla ya kununua dawa yoyote, apake jani.

Siki, birika na sabuni

Kupima chokaa udongoni hakuhitaji maabara. Niliomba siki kijiko kimoja. Nilichota udongo mkavu karibu na ukuta, kwenye kitako cha glasi, nikadondoshea siki. Ukachemka: povu jeupe dogo dogo, na ukisogeza sikio unasikia unavyochachatika. Kijana wa bustani aliita mwenzake aje aone. Udongo wa hatua kumi mbele, chini ya mwarobaini, haukutoa povu, ila karatasi ya kupimia ilisoma 7. Karibu na ukuta ilisoma 8.

Povu lile lilikuwa saruji na chokaa. Nyumba ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Pale pale palipochimbwa mashimo ya maua ndipo wapiga lipu walipokorogea mchanganyiko wao, na kifusi kilichobaki kilifukiwa kisha kikamwagiwa udongo mzuri juu ili uwanja upendeze. Nenda nyumba yoyote mpya ya Nzuguni, Ilazo au Mkalama, chimba nusu mita kutoka kwenye msingi, utakutana na hiyo hiyo.

Lakini ndoo ya barazani haikuwa na kifusi. Ilikuwa na magome tu. Hapo ndipo maji yanapoingia. Niliomba kuona birika la chai. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mnene unaobanduka kwa kijiko. Nikamuuliza dada wa kazi kuhusu sabuni, akasema maji ya huku hayatoi povu, nguo zinabaki na utando. Birika na sabuni walishatoa majibu muda mrefu. Hakuna aliyewahi kuwauliza kwa ajili ya maua.

Maji mengi ya mji wa Dodoma hutoka ardhini, na yale ya visima vya bonde la Makutupora yana sifa ya ugumu. Kwa kunywa hakuna shida ya ukoko; kwa mizabibu na mchicha, mara nyingi hakuna. Kwa azalea, kila ndoo ni dozi ndogo ya chokaa. Kinachoua hapa wengi hukikosea hata wakipima. Wanatumbukiza karatasi kwenye maji, wanaona pH 7.5, wanasema si mbaya. Namba ya pH ya maji haisemi mengi. Kinachohesabika ni kiasi cha bikabonati kilichomo, ile chumvi ya chokaa iliyoyeyuka majini, kwa maana hicho ndicho kinachokula uchachu wa udongo siku baada ya siku. Maji yanakauka, bikabonati na kalisi vinabaki. Chunguni hali huwa mbaya upesi zaidi kuliko ardhini kwa sababu nafasi ni ndogo na hakuna mvua ya kuosha kuanzia Mei hadi Novemba. Ndoo ya barazani ilipokea maji hayo asubuhi na jioni kwa miezi saba.

Mitatu iliyokufa

Kijana wa bustani ni mtu wa Bahi, mkulima haswa, na kabla ya Iyumbu alifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Alichimba mashimo ya nusu mita, akajaza samadi, akapanda mche ukiwa chini ya usawa wa ardhi, akauwekea beseni la udongo kuzunguka ili maji yasipotee. Kila alichofanya kilikuwa sahihi, kwa mzabibu. Hata kwa mwembe ningempongeza. Kwa nchi yenye mvua ya miezi mitano, beseni ni akili.

Rododendroni inataka kinyume chake. Ipandwe juu, kwenye kilima kidogo, shingo ya mche ikiwa wazi, maji yapite na hewa iingie. Ndani ya shimo la Iyumbu, chini ya udongo laini kulikuwa na tabaka gumu la kifusi. Maji yalisimama. Udongo ulikuwa na joto, umelowa, na umejaa samadi. Niling'oa mmoja wa ile mitatu ya milimani. Mizizi ilitoka kirahisi, kahawia, imelegea, inanuka. Nilikwangua gome la shina kwa kisu kutoka chini kwenda juu na rangi ya kahawia yenye wekundu ilikuwa imepanda kama urefu wa kidole. Majani yalikuwa yamekauka bila kudondoka, yamening'inia palepale. Dalili hizo zote ni za uozo wa mizizi wa fitofthora, kijidudu kinachofanana na kuvu na kinachopenda hasa udongo wenye joto na maji yaliyotuama. Kadiri majani yalivyonyauka ndivyo kijana alivyoongeza maji, na kila mtu makini angefanya hivyo.

Kuna jambo la pili, dogo kwa macho. Uwanja ule hufagiwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa hadi chini ya vichaka, unabaki na mistari mizuri ya ufagio. Kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu. Lakini ile takataka ya majani ndiyo blanketi na chakula cha mizizi ya rododendroni, na mistari ya ufagio sentimita mbili juu ya mizizi ya sentimita tano ni kuikwangua kila siku. Jembe la palizi lilimalizia. Mmea huu haupaliliwi. Magugu hung'olewa kwa mkono na juu huwekwa matandazo.

Je, ile mitatu ingepona kama ingepandwa vizuri na kumwagiliwa maji laini? Jibu langu kwa mama lilikuwa hapana, na nililitoa bila kuzungukazunguka: ingeishi labda mwaka zaidi, ikidhoofika kila Oktoba. Nilimshauri asinunue tena. Wapo watakaosema mtu apewe moyo ajaribu. Si mbali na hapa, Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta na mamilioni ya pauni bila kuuliza vya kutosha kuhusu mvua na udongo unaokauka ukawa mgumu; mwaka 1951 ukafungwa. Moyo walikuwa nao.

Nini kilifanyika kwa zile nne

Swali la kwanza la mama lilikuwa kama tunaweza kuubadili udongo. Salfa ya unga ipo tele Dodoma, wakulima wa zabibu huitumia dhidi ya ubwiriunga, na ni kweli hushusha pH. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi taratibu. Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi. Sentimita 20 za juu za mita moja ya mraba zina udongo wa kama kilo 260. Chokaa ikiwa asilimia 1 tu, hiyo ni kilo 2.6 za chokaa. Kilo moja ya salfa humaliza kama kilo 3 za chokaa. Maana yake ni karibu kilo nzima ya salfa kwa kila mita ya mraba kabla pH haijaanza kushuka chini ya 7, na msimu mzima wa kusubiri, huku maji ya bomba yakirudisha chokaa kila jioni na ukuta ukiendelea kuchuja yake. Kwa udongo usiotoa povu salfa ina maana. Kwa huu ni kupoteza pesa.

Kwa hiyo ardhi tuliiacha. Azalea mbili zilichimbuliwa, mizizi ikaoshwa kwa maji ya kiyoyozi yaliyokusanywa kwenye dumu, na zote nne zikahamishiwa kwenye vyombo. Mchanganyiko ulikuwa magome ya paini yaliyopondwa na maranda ya paini yaliyokwisha kuoza, kutoka kwa wauza mbao wanaoleta mzigo kutoka Iringa na Mufindi. Maranda mabichi hayafai. Yanapooza hunyonya nitrojeni na mche unabaki na njaa ya kweli. Tuliongeza mchanga mkavu wa mtoni kidogo, baada ya kuujaribu kwa siki.

Vyombo vyenyewe vilichukua muda kukubaliana. Mama alitaka vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi, vinauzwa barabarani na ni vizuri kweli. Saruji ni chokaa. Tungekuwa tumerudi tulikotoka. Tukapanda kwenye ndoo za plastiki nyeupe zenye matundu, kila moja ikatumbukizwa ndani ya chungu kikubwa cha udongo wa kuchoma, na nafasi ya katikati ikajazwa mchanga unaowekwa unyevu. Chungu hupoza mizizi jinsi mtungi unavyopoza maji ya kunywa, na katika hewa kavu ya Dodoma upoaji huo ni mkubwa kuliko ungeupata Dar es Salaam. Mchanga huu unaweza kupewa maji ya bomba, kwa sababu haugusani na mizizi ilimradi ndoo imeinuliwa juu ya kipande cha tofali.

Zikapangwa upande wa mashariki, jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli. Ukuta umezuia upepo wa kusi. Chini ya mwarobaini nilikataa. Kivuli chake ni kizuri, ila upepo hupita chini yake bila kizuizi.

Mbolea ikawa SA (salfati ya amonia), kijiko cha chai kisichojaa kwa lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua. CAN, mbolea ya nitrojeni ambayo ndiyo ilikuwa stoo, haifai hapa: ina kalisi, na sehemu ya nitrojeni yake ipo katika hali ambayo azalea haiitumii vizuri. Chuma kikapulizwa kwenye majani mara chache za mwanzo tu.

Maji ndiyo yaliyokuwa kiini. Mama alikuwa ameshaambiwa akamulie ndimu kwenye ndoo, na mwingine akamwambia tone la maji ya betri. Maji ya betri ni asidi kali, yanaunguza mikono na macho na huenda yana madini ya risasi ndani yake, yasikaribie bustani. Ndimu na siki husaidia kwa muda, lakini asidi zake huliwa na vijidudu na kazi ya chokaa inarudi. Kuchemsha maji, kuyaacha yapoe na kumimina yale ya juu hupunguza bikabonati kweli, ila nani atachoma mkaa kwa ajili ya ua.

Mvua ndiyo rahisi kuliko vyote. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba ile lina kama mita 100 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 ni lita 2,500. Azalea nne, kila moja lita 2 kwa siku za joto, kwa siku 210 za ukavu, ni lita 1,680. Tangi moja la plastiki la lita 2,000 linatosha mwaka mzima, mradi ni la plastiki na si kisima cha zege. Mvua ya kwanza inaachwa ipite, ioshe vumbi la bati la miezi saba. Tangi lilijaa kabla ya Krismasi.

Tahadhari moja tuliyowekeana ilihusu mbuzi wawili waliokuwa nyuma ya nyumba. Majani ya rododendroni na azalea yana sumu, na mbuzi ni mwepisi kuyaonja, hasa matawi yaliyokatwa na kutupwa. Huko pwani ya Bahari Nyeusi nchini Uturuki hata asali inayotokana na maua ya rododendroni hulevya na kuangusha watu. Mabaki ya kupogoa huzikwa, hayatupiwi mifugo.

Baadaye

Machi, majani mapya ya azalea zote nne yalitoka kijani. Yale ya zamani yaliyokuwa njano hayakurudi yote, mengine yalianguka. Mwishoni mwa Julai, baada ya wiki kadhaa za usiku wa baridi, ile ya kiyoyozi ilitangulia kuchanua, ya waridi iliyoiva, na nyingine mbili zikafuata kwa kupishana. Ya nne, ambayo mizizi yake ilikuwa imeumia zaidi wakati wa kuchimbuliwa, haikutoa ua hata moja mwaka huo, ingawa ilinenepa.

Pale ardhini, kwenye mashimo ya zamani, mama amepanda waridi la jangwani. Ni mmea wa pori kavu la nchi hii hii, maua yake ukiyatazama ukiwa barabarani unaweza kuapa ni azalea, na kifusi, jua la magharibi na maji magumu haviupi shida. Utomvu wake nao una sumu, kwa hiyo sheria ya mbuzi inabaki palepale. Mimi kwa ladha yangu ningeishia hapo na kusahau vyungu, lakini vyungu si vyangu.

Septemba alipiga simu: chungu kimoja kimeanza njano tena kwenye majani machanga. Kijana wa bustani aliapa kwamba hakutumia maji ya bomba hadi wiki iliyopita, tangi lilipokauka. Lita 2,000 zilipaswa kufika Novemba. Uchunguzi haukuchukua muda. Dada wa kazi alikuwa amegundua kwamba sabuni inatoa povu zuri ajabu kwa maji ya tangi, na mashuka meupe yanang'aa, basi tangu Juni kila Jumamosi alikuwa anafulia nayo. Sikuweza kumlaumu, angalau yeye alikuwa ameelewa ugumu wa maji kwa vitendo. Chungu kimerudishwa chini ya kibomba cha kiyoyozi, bomba la tangi limefungwa kufuli, na mama anatafuta tangi la pili kabla mvua hazijaanza, hilo likiwa la nguo.